Mama Mkwe Kasogezwa Mbele kwa Neno Langu la Siri

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba msaada wako na naomba uniwahi kabla ya Jumatatu ya wiki ijayo, maana siku hiyo nitakaa mbele ya kamati ya hospitali na nitaulizwa swali moja tu, na jibu ninalo mdomoni, ila nikilitoa nyumba yangu itavunjika na nisipolitoa kazi yangu imekwenda.

Mimi ni karani wa kitengo cha macho, ndiye ninayepanga foleni ya upasuaji wa mtoto wa jicho, yaani daktari akishasema huyu atapasuliwa, jina linakuja kwangu, naliingiza kwenye tovuti ya hospitali, na hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kugusa foleni ile isipokuwa wangu, ndiyo maana nikapewa neno la siri, na hilo neno la siri ndilo lililonifikisha hapa.

Mama mkwe wangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilimwingiza kwenye foleni mimi mwenyewe, nikamweka mwishoni kama mtu mwingine yeyote, na nyumbani nikakiona cha moto. Mume wangu alininunia, na wifi yangu, ambaye tunafanya kazi chumba kimoja, yeye anapokea wagonjwa na mimi napanga, aliniambia mbele ya watu, "Wewe ndiye umeshika usukani halafu unamwacha mama anapapasa kuta?" Nikamjibu foleni ni foleni. Huyu wifi, Mshauri, si wa kuletewa na ndoa, tulikaa dawati moja shuleni, ndiye aliyenipeleka kwao mara ya kwanza nikakutana na kaka yake, na mpaka leo namwita kwa jina la utani nililompa mimi mwenyewe, [hapa nimelifuta mimi Mshauri, sababu utaiona mbele], na hakuna mwingine anayemwita hivyo.

Sasa wiki iliyopita nimefika kazini asubuhi, nimefungua tovuti, namkuta mama mkwe wa tatu. Wa tatu! Juu yake wako watu wawili nisiowajua, nao walikuwa huko nyuma kabisa, lakini hao sikuwatilia maanani, maana macho yalinitoka pima kwa jina la mama mkwe, na pembeni pameandikwa kwamba aliyebadilisha ni mimi. Sikubadilisha, Mshauri. Naapa. Kabla sijajua nianzie wapi, mwalimu mmoja mstaafu ambaye ilikuwa zamu yake amefika na binti yake, amevaa shati lake la kutokea, akaambiwa zamu yake imesogezwa, yule binti akapandisha sauti mpaka muuguzi mkuu akatoka ofisini, akaomba aone foleni, akaona jina la aliyebadilisha, kisha akauliza huyu bibi wa tatu ni nani, na Babu wa Faili, mzee anayetunza mafaili chumbani kwetu, kwa wema wake wote akajibu, "Si mkwewe huyu?"

Muuguzi mkuu aliniita pembeni akaniambia kama kuna mtu aliingia kwa neno langu nimtaje mbele ya kamati, kosa langu litakuwa uzembe na nitapewa onyo, lakini nisipotaja mtu basi kosa lote ni langu na nijue la kufanya.

Mimi mtu ninaye. Ni wifi. Nani mwingine? Mama ni mama yake, maneno aliyasema mwenyewe, na jioni ya kuamkia siku ile aliniambia nitangulie nyumbani, yeye anasubiri mvua ipungue, na mvua yenyewe ilikuwa rasharasha. Asubuhi alikuwa anaimba. Nilipomwambia mama kasogezwa mbele akasema, "Mungu amesikia," wala hakuniangalia usoni. Na neno langu la siri analijua, hilo siwezi kukataa, na hapo ndipo nataka nikueleze ile tovuti ilivyo, labda utanihurumia.

Ile tovuti kila mwanzo wa mwezi inatufungia nje wote mpaka tubuni neno jipya. Linatakiwa liwe na herufi kubwa, liwe na tarakimu, liwe na alama, lakini si kila alama, nyingine inazikataa bila kusema kwa nini, lisipungue herufi nane na lisizidi kumi na mbili, herufi moja isifuatane mara mbili, na ukiliandika sawasawa inakuambia neno hili linafanana mno na ulilotumia mwezi wa pili. Mwezi wa pili! Mimi mwenyewe sikumbuki nilichotumia mwezi wa pili, yenyewe inakumbuka. Na wagonjwa wako kwenye benchi, wamefumba macho wanasubiri dawa ya matone ishike, nao wanasikia kila kitu, maana asubuhi ile chumba chetu kinageuka kama mnada. Mimi nasema kwa sauti, "Imekataa tena!" Babu wa Faili anasema, "Litie nyota mwishoni!" Wifi anasema, "Herufi kubwa iweke katikati, mwanzoni wameshazoea." Kuna bibi mmoja mwenye bandeji alisema tuweke mkwaju, ile alama ya mstari ulioinama, tukaweka, ikakubali, watu wakapiga makofi. Ndivyo tunavyofanya wote, mmoja akikwama wengine tunamchangia, hakuna anayeweza ile kazi peke yake.

Na siku ya kwanza kabisa ilinitaka nichague swali la siri, eti nikisahau neno itanitambua kwa jibu hilo, na maswali yalikuwa mnyama wako wa kwanza, mtaa uliokulia, au jina kamili la mama wa mwenzi wako. Sikuwahi kufuga mnyama, mitaa tumehama mingi, nikaandika jina la mama mkwe. Hata hilo huwa halinisaidii, maana nikikosea mara tatu inanifunga palepale, basi nampigia simu fundi wa kampuni iliyotuletea mfumo, mtu mpole ajabu, hajawahi kunikaripia hata siku moja, ananiambia, "Dada, la mwezi huu ile herufi kubwa uliiweka katikati," ananisomea herufi moja moja mpaka naingia. Huyo namshukuru, asingekuwepo ningeshafukuzwa zamani.

Tangu siku ile silali vizuri, Mshauri. Nimeanza kutega. Nikitoka kwenda chai naweka unywele juu ya kibodi nione kama nitaukuta. Kiti nakiacha kimetazama dirishani. Simu ya mume wangu nimeipekua nikatafuta kama amewahi kuzungumza na dada yake kuhusu mimi, nikakuta wanazungumza kuhusu bati la jikoni kwa mama, lakini nani anajua kama bati ni bati? Wifi akinimiminia chai naacha ipoe, nasema nimeshiba. Na neno la siri nimelibadilisha mara moja, safari hii nikiwa peke yangu, mlango nimeufunga, sijamwambia hata mume. Kichwa kilikuwa kimechoka nikaweka lililonijia haraka, ni [hapa pia nimefuta mimi Mshauri], na likakubaliwa mara ya kwanza, nikashukuru.

Niambie basi. Nimtaje? Nikimtaja, mume wangu atachagua damu yake, hilo nalijua. Nisipomtaja, nitakaa nyumbani nikimtazama yeye akienda kazini kila asubuhi kwa kosa alilolifanya yeye. Namba yangu nimeiandika hapo chini, lakini tafadhali usinipigie, huenda mtu anasikiliza.

Wako mwenye roho juu juu,
Karani wa Macho

*

Karani wa Macho,

Pole, na nasema pole kwa moyo wote. Kisha kaa vizuri, kwa sababu nitakugombeza.

Umefunga mlango, umekaa peke yako, umebuni neno la siri ambalo hata mumeo halijui, halafu umeliandika kwa wino kwenye karatasi, ukalitia kwenye bahasha, ukalituma gazetini. Dada yangu! Barua za safu hii zinafunguliwa na mhudumu wa mapokezi, zinapita kwa mhariri, ndipo zinanifikia mimi. Watu watatu tulilijua neno lako kabla sijanywa chai. Ndiyo sababu nilikupigia simu ingawa ulinikataza, nikakuambia libadilishe sasa hivi, nawe badala ya kunishukuru ukaniuliza kwa ukali, "Nani amekupa namba yangu?" Umenipa wewe, mama. Iko chini ya barua.

Sikucheki. Nakuonyesha kitu. Wewe si mzembe kwa asili, mtu mzembe hamweki mama mkwe wake mwishoni mwa foleni akala lawama ya nyumba nzima. Umechoshwa tu. Mtu akidaiwa kila mwezi abuni kitu asichoweza kukikumbuka, mwisho atakisema kwa sauti, atakiandika popote, atakituma kwa posta. Wanaotunga masharti yale wanadhani wamejenga ukuta, kumbe wamewafundisha chumba kizima kupigiana kelele za siri mbele ya benchi la wagonjwa. Umeandika karatasi nzima ukimtuhumu wifi kwa kulijua neno lako, na ndani ya karatasi hiyohiyo bibi mwenye bandeji amelichangia mkwaju.

Kwa hiyo ile hoja yako ya kwanza, kwamba analijua, nimeitupa. Wanaolijua ni wengi mno.

Sasa nisikilize kwa makini, maana umeniambia jambo kubwa ukalipita kama mtu anayepita jirani asiyemsalimia. Umesema tovuti ilikuambia neno lako linafanana na la mwezi wa pili. Inajuaje? Mlinzi akikuambia ufunguo wa leo unafanana na ule wa zamani, ujue ule wa zamani anao mfukoni. Na umesema fundi anakusomea neno lako kwenye simu, herufi moja moja, nawe unamshukuru. Mimi si mtu wa kompyuta, nikamwendea mwenzangu anayezitunza hapa gazetini nikamsomea sentensi hiyo. Aliweka kikombe chini. "Anamsomea?" akaniuliza. "Analiona?" Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa. Akasema mfumo uliojengwa sawasawa haulijui neno lako hata wenyewe, unalisaga unatunza unga tu, na kila ukija unasaga tena ulicholeta na kulinganisha unga kwa unga, wala hakuna mtu awezaye kuuchukua unga akarudisha mahindi. Fundi wa mfumo kama huo ukisahau neno anakupa njia ya kuweka jipya. Hakusomei la zamani, kwa sababu hana pa kulisoma.

Wenu analisoma. Maana yake maneno yenu yote, yako, ya wifi, ya Babu wa Faili, yamelala mahali fulani yakiwa wazi kabisa, na yeyote anayefika hapo anaweza kuingia akiwa wewe, saa yoyote, bila kugusa kibodi chako wala kusogeza unywele wako.

Nimeshuku, ndiyo. Umenifundisha wewe kushuku, basi tuendelee. Hao watu wawili walioko juu ya mama mkwe wako ni akina nani?

Hukuuliza. Muuguzi mkuu hakuuliza. Watu wawili wametoka mkiani mwa foleni wakapita mbele ya mwalimu mstaafu aliyevaa shati la kutokea, na hakuna aliyejisumbua kuwatazama, kwa sababu wa tatu ni mkweo na macho yote yalikwenda hapo. Niambie, wifi yako ana haja gani na hao wawili? Kama angetaka kumsogeza mama, angemsogeza mama akaishia hapo, tena angemweka wa kwanza, kwa hasira aliyokuwa nayo. Lakini mtu anayetaka kuwapitisha wawili wake, na anataka lawama iangukie kwa mwenye neno la siri, angefanya nini? Angetafuta ndugu wa mwenye neno amwongeze hapo. Na angemjuaje mkweo mtu asiyewahi kukanyaga nyumbani kwako? Rudi kwenye barua yako mwenyewe. Jina lake kamili uliiandikia tovuti siku ya kwanza, ukaeleza kwamba ni mama wa mwenzi wako. Swali lililowekwa likulinde ndilo huenda limemwonyesha mtu pa kukupaka matope.

Taratibu lakini. Nimeandika "huenda," na naomba ulisome neno hilo mara mbili. Sikusema ni fundi. Upole si kosa, na huko kwao pengine wako wengi wanaokiona anachokiona yeye. Ukienda Jumatatu ukamtaja fundi kwa sababu tu umesoma safu yangu, utakuwa umefanya kosa lilelile ulilotaka kulifanya kwa wifi, umebadilisha mtu tu. Wala sikusema wifi ni malaika. Mvua ya rasharasha haimzuii mtu mzima kwenda nyumbani, na mimi pia ningependa kujua alikuwa anasubiri nini. Lakini kupenda kujua ni kitu kimoja, na kumtaja mtu mbele ya kamati ili wewe upewe onyo ni kitu kingine, na hicho cha pili kina jina baya.

Leo, si kesho, nenda kwa muuguzi mkuu. Mwombe akae kando yako kwenye kompyuta, akuone kwa macho yake ukiwarudisha wote watatu walikokuwa, na mwalimu mstaafu apewe zamu yake. Wote watatu, nimesema. Na jioni ukamwambie mama mkwe mwenyewe kwamba umemrudisha nyuma, umwambie na sababu, usimtume mumeo. Itauma. Atakusikiliza huku akitafuta mkono wako ulipo, na utatamani ardhi ikumeze, lakini atajua kwamba ulikuja mwenyewe.

Jumatatu usijitetee kwa kumtaja mtu. Anza na kosa lako, kwamba neno lako lilibuniwa kwa sauti mbele ya watu, na kwamba hivyo ndivyo chumba kizima kinavyofanya kila mwezi kwa sababu masharti yale hayabebeki. Sema mbele ya wote kwamba fundi huwa anakusomea neno lako kwenye simu, na kama wanabisha, waombe wampigie palepale, mmoja wao ajifanye amesahau lake. Waulize badiliko lile lilifanywa kutoka kompyuta gani na wakati gani, maana mifumo huandika hayo, na kama wa kwenu hauandiki, hilo nalo liingie kwenye maelezo yao. Halafu uliza juu ya wale wawili, na usikubali kuinuka mpaka mtu ajibu. Huenda ukapewa onyo hata hivyo. Lipokee, unalistahili kidogo.

Na sasa wifi.

Nilifuta vitu viwili kwenye barua yako, Karani wa Macho, na nilivifuta kwa sababu ni kitu kimoja. Ulipokuwa umejifungia peke yako, umeshamhukumu, chai yake huinywi, ukaambiwa na ile tovuti ubuni neno ambalo hutalisahau, kichwa chako kilichochoka kilikuletea jina lake. Lile la utani, la dawati la shule, ukalitilia herufi kubwa katikati kama alivyokufundisha yeye, na tarakimu, na mkwaju. Wewe hukuona. Mimi niliyaona maneno yote mawili kwenye ukurasa mmoja nikakaa nayo muda mrefu.

Lile umeshalibadilisha, nimehakikisha, kwa hiyo naweza kulizungumzia. Yeye mwenyewe nenda kamwone kabla ya Jumatatu. Usimtege, usimzungushe, usianze na habari za bati. Kaa naye umuulize uso kwa uso, "Uliigusa foleni yangu?" kisha nyamaza mpaka amalize. Akisema ndiyo, mwambie asimame mwenyewe mbele ya kamati, nawe usimame kando yake. Akisema hapana, mwambie habari za unywele na za chai iliyopoa, zote, na umwombe radhi, hata kama atakununia mwaka mzima. Sijui atajibu nini. Najua tu mkono wako uliandika jina la nani ulipokuwa na hofu kuliko wakati wowote.

Na neno jipya uliloweka baada ya simu yangu, tafadhali, usinitumie.

Mshauri